GILASI SAFI NA HAKI YA MWENYE KUIOSHA

Ndugu wanachama,

Jambo nitakalolisema leo wengine wenu mtaliona dogo. Mtasema: Chama kina shida ya mishahara, shida ya kazi za usiku, shida ya nauli ya kurudi nyumbani baa ikifungwa, na huyu mwenzetu anatuletea habari za povu la bia! Nawaomba mnivumilie mpaka mwisho. Povu hilo hilo mnalolicheka limewakatia wenzetu mishahara, na wengine limewatoa kazini.

Nitawaeleza nililoliona kwa macho yangu. Mwaka 2020 mabaa yalifungwa kwa sababu ya korona. Yalipofunguliwa tena, mahali nilipokuwa nikifanya kazi (jina lake naliacha, maana si mahali pamoja tu) tajiri alileta mtungi mkubwa wa jiki akauweka chini ya kaunta. Akatoa amri kwamba kila gilasi ichovywe humo kabla ya kupewa mgeni. Amri ilikuwa njema, lakini hakuleta kipimo, hakuleta glavu, wala hakuongeza sinki. Kijana wetu wa kuosha gilasi alimimina dawa kwa kukisia. Wiki ya kwanza wageni walinung'unika kwamba bia yanuka kama nguo za dobi. Msimamizi akasema, "Punguza dawa, tia sabuni nyingi." Wiki ya pili harufu ilikwisha, lakini povu nalo likaisha. Bia ilimiminwa ikakaa kimya kama chai ya rangi iliyopoa. Wageni wakazirudisha, na kila iliyorudishwa ikaandikwa katika daftari. Mwisho wa mwezi zile zote zilikatwa katika mshahara wa kijana yule.

Mimi nilikuwa mjumbe wa Chama mahali pale. Nilikwenda ofisini kumtetea, na nakiri mbele yenu kwa aibu kwamba sikuwa na la kusema. Msimamizi aliniambia, "Kuosha gilasi ni kazi yake. Povu halikusimama. Basi kosa ni la nani?" Nilijua moyoni kwamba kijana ameonewa, lakini sikuweza kuonyesha ameonewa wapi. Fedha hazikurudi. Kijana aliondoka mwezi uliofuata.

Tangu siku ile nimejifunza kazi hii kama mtu anayejifunza kusoma. Nimegundua ya kwamba mtetezi asiyejua kazi ya mwenzake hawezi kumtetea. Ndiyo sababu naandika.

POVU LATOKA WAPI

Bia ina hewa ndani yake, ile hewa ya kaboni inayolia chupa ikifunguliwa. Ukimimina, hewa hupanda juu kwa vipovu vidogo vidogo. Katika soda vipovu hivyo hupasuka mara moja, na ndiyo maana povu la soda halikai. Katika bia kila kipovu huvikwa ngozi nyembamba sana. Ngozi hiyo imefumwa kwa protini iliyotoka katika shayiri, pamoja na ule uchungu wa maua ya hopi. Ngozi hiyo ndiyo nguvu ya povu, na ndiyo inayolifanya lisimame wakati mgeni anazungumza na rafiki yake.

Sasa, ngozi hiyo ina maadui wawili wakubwa. Wa kwanza ni mafuta. Mafuta kidogo sana, hata yasiyoonekana kwa macho, yakifika katika ngozi ile huipasua, na vipovu huungana na kufa. Wa pili ni sabuni. Wengi wetu hatukujua hili. Twadhani sabuni ikizidi gilasi itazidi kuwa safi. Lakini utando wa sabuni uliokauka ndani ya gilasi hulivunja povu la bia kama vile mafuta yanavyolivunja.

Basi yule msimamizi aliyesema tupunguze dawa na kuongeza sabuni ndiye aliyeliua povu kwa mdomo wake mwenyewe. Kijana alitii amri, kisha akalipishwa kwa kutii.

Ziko sababu nyingine ambazo hazihusu gilasi hata kidogo. Bia iliyo baridi kupita kiasi hutoa povu kidogo. Bia ya pipa ambayo mipira yake haikusafishwa, au ambayo hewa yake haikupimwa sawasawa, itatoa povu la wazimu au haitatoa kabisa. Na mgeni anayekula nyama choma huku akinywa hulitia mafuta povu lake mwenyewe kwa midomo yake. Hata gilasi ingeoshwa na malaika, mafuta ya mbuzi yatalilaza povu hilo kabla bia haijafika nusu. Kadhalika rangi ya midomo ya akina mama. Katika mambo hayo mwoshaji hana kosa, na mjumbe wa Chama yafaa aweze kusema hivyo mbele ya meza ya msimamizi.

KAZI NI MBILI, SI MOJA

Kosa kubwa katika mabaa yetu ni kuchanganya kazi mbili tukadhani ni moja. Kazi ya kwanza ni kuosha, maana yake kuondoa mafuta, mate, rangi na uchafu wote unaoshika gilasi. Kazi ya pili ni kuua vijidudu, maana yake kuhakikisha ugonjwa wa mgeni wa saa moja haumwendei mgeni wa saa mbili. Sabuni hufanya ile ya kwanza. Dawa au maji ya moto hufanya hii ya pili. Sabuni haiwezi kushika mahali pa dawa, wala dawa haiwezi kushika mahali pa sabuni.

Tena utaratibu wake haupinduliwi. Klorini ikikutana na uchafu humalizwa na uchafu huo, na nguvu ya kuua vijidudu hupotea. Mtu anayechovya gilasi chafu katika ndoo ya dawa anaharibu dawa, na gilasi yake inabaki na mafuta yake. Ndoo hiyo baada ya gilasi hamsini ni supu tu yenye harufu ya hospitali.

Wala tusiseme kuua vijidudu ni maringo ya wageni wa ng'ambo. Mwaka 2017 kipindupindu kilizuka Nairobi, kikawapata hata watu waliokula katika hoteli na mikutano ya wakubwa. Ugonjwa ukitokea mahali pa kula na kunywa, watu wa kwanza kutazamwa kwa jicho baya ni mpishi na mwoshaji vyombo. Na sisi wenyewe twanywa maji katika gilasi hizo hizo, kisha twarudi nyumbani kwa watoto wetu.

Nautaja hapa utaratibu mzima, ili ubandikwe ukutani penye kaunta:

Kwanza, mwaga mabaki. Usimwage ndani ya maji ya kuoshea.

Pili, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji isiyo na mafuta wala manukato mengi, kwa brashi inayofika chini kabisa. Ukingo ambapo midomo hugusa usuguliwe ndani na nje. Sifongo iliyosugulia sufuria za jikoni isiguse gilasi ya bia kamwe, maana inabeba mafuta ya jikoni na kuyapaka mahali palipokuwa safi.

Tatu, suuza kwa maji baridi yanayotiririka kutoka mferejini mpaka sabuni yote iishe. Kama hakuna mfereji, basi beseni la maji safi ambalo hubadilishwa mara kwa mara. Chovya gilasi ikiwa imeinama ili hewa itoke na maji yaingie kila pembe.

Nne, itie katika maji ya dawa iliyopimwa, ikae humo dakika nzima.

Tano, iinamishe juu ya kichanja cha waya au wavu ili maji yachuruzike na hewa iingie ndani. Usiiinamishe juu ya taulo wala juu ya mbao tambarare, maana itafunika unyevu na harufu, na kesho asubuhi itanuka.

Sita, usiipanguse. Kitambaa hata kikiwa cheupe kina nyuzi na mafuta na vijidudu vya gilasi mia zilizotangulia.

Kabla ya kumimina bia, mahali penye maji ya mfereji yanayofaa kunywa, suuza gilasi tena kwa maji baridi. Itapoa, na masalio ya dawa yatakwenda. Lakini mahali ambapo maji ni ya mgao, yamelala katika tangi ambalo hakuna ajuaye lilioshwa lini, usiisuuze tena kwa maji hayo. Utarudisha vijidudu ulivyokwisha kuviua. Dawa ikiwa imepimwa sawasawa, kuchuruzika na kukauka kunatosha.

DAWA NA KIPIMO CHAKE

Sasa nafika kwenye neno ambalo ningalikuwa nalo siku ile ofisini. Klorini iliyopimwa vizuri, katika gilasi iliyochuruzika vizuri, haiharibu povu. Inayoharibu ni dawa iliyokisiwa, au dawa isiyofaa kwa kazi hii.

Kipimo kinachokubaliwa katika kazi za vyakula ni sehemu 50 mpaka 100 za klorini katika sehemu milioni za maji. Hesabu hiyo inatisha, lakini jikoni ni nyepesi. Tazama karatasi ya chupa. Ikiwa imeandikwa asilimia 3.5, basi lita 10 za maji zataka mililita 15 mpaka 28, yaani vijiko vya chai 3 mpaka 5 na nusu, visizidi. Ikiwa chupa ni kali zaidi, kipimo hupungua kwa kadiri hiyo. Ndoo ya lita 10 yataka vijiko vitatu vya chai, nasi tulikuwa tukimimina kikombe kizima! Si ajabu wageni walidhani wanakunywa maji ya kuogelea. Na mikono ya yule kijana ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi.

Maji ya dawa yawe ya kawaida au ya uvuguvugu kidogo. Yasiwe ya moto, maana klorini hutoroka na mvuke na kuwachoma macho walioko karibu. Yabadilishwe yakichafuka. Viko vikaratasi vidogo vya kupimia, unachovya na kulinganisha rangi. Mahali penye vikaratasi hivyo hakuna ugomvi kati ya mwoshaji na msimamizi, maana rangi yaonekana na wote wawili.

Iko jiki nyepesi na iko ile nzito yenye manukato. Nzito imetengenezwa ili ishike chooni, na ndani yake mna sabuni. Hiyo ikiingia katika gilasi italiua povu hata ukiipima kwa kijiko cha dhahabu. Wanunuzi wa stoo yafaa walijue hili, maana mwoshaji hapewi nafasi ya kuchagua. Anaosha kwa kile alicholetewa.

Iko dawa ya aidini pia, inayotumiwa na watengenezaji wa bia wenyewe kusafishia vyombo vyao. Kipimo chake ni sehemu 12.5 mpaka 25 katika milioni, na rangi yake ya hudhurungi ikipotea utajua nguvu imekwisha. Na ziko dawa za kwatenari, zisizo na harufu kali. Hizo zapendwa kwa kuwa haziumizi pua, lakini kwa tabia ni ndugu wa sabuni. Zikizidi kipimo hushika ukuta wa gilasi na kuliangusha povu. Tena sabuni ya kawaida ikibaki katika gilasi huzivunja nguvu, zisiue kitu. Anayezitumia asuuze sabuni kwa bidii kwanza na afuate kipimo cha chupa bila kukisia.

Penye maji ya moto ya kutosha hapahitaji dawa. Maji ya digrii 77 kwa nusu dakika huua vijidudu vyote vinavyotuhusu hapa, wala hayaachi harufu. Lakini hakuna mkono wa binadamu uwezao kuingia katika maji hayo, basi pawe na kikapu cha waya chenye mpini. Gilasi ikitoka humo iachwe ipoe. Bia baridi ikimiminwa katika gilasi ya moto hufura povu, hewa yote ikaondoka, na gilasi yenyewe yaweza kupasuka mkononi mwa weita.

Neno moja la kuokoa maisha. Jiki isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi, wala na dawa yenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu, na nyuma ya kaunta nyembamba isiyo na dirisha hakuna pa kukimbilia.

JINSI YA KUJUA GILASI NI SAFI

Msimamizi asiseme gilasi ni chafu kwa maneno matupu, na mwoshaji asiseme ni safi kwa kuapa. Majaribio yako matatu, na kila mtu aweza kuyafanya.

La kwanza: chovya gilasi katika maji, itoe. Maji yakishuka kama shuka moja, gilasi ni safi. Yakikatika na kusimama kwa matone, pana mafuta.

La pili: lowesha gilasi kwa maji, nyunyiza chumvi ndani. Chumvi itashika sawasawa mahali palipo safi. Penye mafuta haitashika, na utaona alama kama ramani.

La tatu ni bia yenyewe. Vipovu vikishika ukuta wa gilasi chini ya povu vikakaa hapo, mahali hapo pana uchafu. Na gilasi safi mgeni akinywa huacha pete za povu ukutani, pete moja kwa kila pigo la kunywa. Ukiona pete hizo katika gilasi tupu, mwoshaji wako anajua kazi yake, mpe mkono.

MAKOSA YETU WENYEWE

Chama hakitaki kuwadanganya wanachama wake. Makosa mengine ni yetu.

Ni nani kati yetu hajapata kuchukua kitambaa kilicho begani, alichopangusia meza, akakizungusha ndani ya gilasi mgeni akisubiri? Ni nani hajabeba gilasi nne kwa kutia vidole vinne ndani yake? Gilasi ya maziwa au ya aiskrimu twaisuuza haraka na kuitilia bia, na mafuta ya maziwa ni mafuta kama mengine. Twaweka gilasi juu ya rafu karibu na dirisha la jikoni, moshi wa kukaanga samaki ukaitua usiku kucha, na asubuhi twashangaa kwa nini povu limekufa wakati tuliosha jana.

Katika mabaa ya kegi shida ina sura nyingine. Tangu Senator Keg ilipoletwa mwaka 2004, bia ya pipa imefika mitaa ya watu wa kipato kidogo, na mahali pengi yanywewa kwa vikombe vya plastiki. Plastiki hukwaruzika, na mafuta na vijidudu hujificha katika mikwaruzo ambayo brashi haifiki. Kikombe kilichokwaruzika kitolewe. Lakini mwoshaji hana ruhusa ya kukitupa, akikitupa atakilipa. Hapo tena twaona kwamba kosa la mkono mara nyingi limeanzia katika mfuko wa tajiri.

Wako wenzetu wanaosema, "Ijumaa usiku watu wamejaa mpaka mlangoni. Dakika nzima ya dawa itatoka wapi?" Nawajibu: dakika hiyo si ya gilasi moja. Ukichovya gilasi 20 pamoja, dakika ni moja kwa zote 20. Tatizo ni kwamba baa ya watu 100 ina gilasi 60, na kila moja inang'ang'aniwa ikiwa bado inachuruzika. Gilasi zikitosha, haraka itapungua. Na gilasi chache hazikununuliwa na mwoshaji.

Wengine husema mlevi hajali povu. Labda wa mwisho usiku hajali. Lakini yule wa kwanza jioni, aliyefanya kazi kutwa na kuja na fedha yake ya halali, anajali. Anastahili kupata alicholipia, kikiwa safi na kitamu. Mfanyakazi akimpa mfanyakazi mwenzake kitu kibovu kwa sababu hawezi kulalamika, huo si umoja.

SHERIA INASEMAJE

Matajiri wengi hukata mshahara kana kwamba daftari la kaunta ndilo sheria. Silo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, fungu la 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa ajili ya mali yake iliyoharibika au kupotea kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Yatazameni maneno hayo: kosa la makusudi. Bia iliyorudishwa kwa sababu povu limelala si kosa la makusudi la mtu aliyenyimwa kipimo na sinki. Gilasi iliyoteleza katika mikono yenye sabuni saa sita za usiku si makusudi pia.

Fungu la 41 la Sheria hiyo hiyo lasema kwamba mfanyakazi hafukuzwi kwa utovu wa nidhamu au kwa kazi mbovu mpaka aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, naye ana haki ya kuwa na mwenzake au mjumbe wa Chama mbele yake wakati huo. Basi ukiitwa ofisini kwa habari ya gilasi, usiingie peke yako wala usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Mwite mjumbe.

Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya mwaka 2007, fungu la 101, yamtaka mwajiri awape nguo na vifaa vya kujikinga, pamoja na glavu na viatu inapohitajika, wale wanaofanya kazi yenye unyevu au yenye kitu cha kudhuru. Ni nani anayefanya kazi yenye unyevu kuliko mwosha gilasi? Mikono yake imo majini tangu jioni mpaka alfajiri. Glavu si zawadi ya Krismasi. Ni deni la tajiri kwake.

TUDAI NINI

Naomba kila tawi lilete mambo haya mbele ya waajiri wake katika mazungumzo yajayo, na yaandikwe katika mapatano:

1. Kila kaunta iwe na masinki matatu, au angalau mabeseni matatu: la kuosha, la kusuuza, na la dawa.

2. Dawa iwe ile inayofaa vyombo vya kunywea, na kipimo chake pamoja na vikaratasi vya kupimia viwe karibu na sinki, si katika kabati la msimamizi.

3. Brashi, vichanja vya waya na glavu vitolewe na mwajiri, navyo vibadilishwe vikichakaa.

4. Gilasi ziwe za kutosha idadi ya wageni, na zilizopasuka ukingo au kukwaruzika ziondolewe bila mfanyakazi kulipishwa.

5. Mfanyakazi mpya afundishwe kazi hii kwa saa za malipo kabla ya kuachiwa kaunta.

6. Bia ikirudishwa, gilasi ijaribiwe kwa maji au chumvi mbele ya mwoshaji na mjumbe kabla neno lolote halijaandikwa katika daftari. Asikatwe mtu mshahara kwa sababu ya povu.

Matajiri watasema mambo haya ni ghali. Tuwaulize: bia ngapi zilirudishwa mwaka jana? Wageni wangapi waliinuka wakaenda baa ya jirani bila kusema neno? Kijiko cha chai kimo jikoni tayari. Maji ya kusuuzia yapo. Kinachokosekana katika mabaa mengi ni mtu wa kukaa chini na kuwaeleza waoshaji sababu ya kila jambo, na hilo Chama chaweza kulianza hata kabla tajiri hajakubali. Mjumbe akusanye wenzake siku ya Jumatatu mchana wakati baa ni tupu, achukue gilasi mbili na chumvi kidogo, awaonyeshe. Atakayeona kwa macho hatasahau.

Nasi kwa upande wetu tutimize sehemu yetu. Kitambaa kitoke begani. Vidole vitoke ndani ya gilasi. Dawa ipimwe. Tukifanya kazi iliyo kamili twaweza kudai haki iliyo kamili, na hakuna msimamizi atakayetufunga mdomo kwa swali moja kama nilivyofungwa mimi.

Yule kijana niliyemshindwa kumtetea, nasikia siku hizi anafanya kazi pwani. Kama bulletini hii itamfikia, ajue ya kwamba gilasi zake hazikuwa na kosa. Zilikuwa na sabuni, na sabuni ile iliamriwa. Nilipaswa kulisema neno hilo siku ile. Nalisema sasa, ili mjumbe mwingine asikose la kusema kesho.

Wenu katika Chama,

MJUMBE WA KAUNTA